Kioo Hakikumjua

Jinja, Barabara ya Iganga. Kibanda changu
upana wake mikono miwili ikinyooshwa.
Saa nne asubuhi, mkata miwa wa Kakira, jina lake Takuwa,
ananiwekea simu mezani
kama mtu anayerudisha kuku mgonjwa:
"Imekufa. Uliniuzia maiti."

Naigusa: inawaka, inafunguka, inateleza.
Anagusa yeye: kimya.
Mimi: inaitika.
Yeye: kimya.
Wanunuzi wawili wa chaja wanacheka chini kwa chini.

Nikamshika mkono, nikaugeuza kwenye taa.
Miaka ishirini na sita ya panga
imevivika vidole ganda kavu,
gumu kama kwato.
Mistari ya kuzaliwa nayo imelimwa ikaisha.
"Hata mashine ya kitambulisho," akasema,
"ilinikataa mara tatu."

Ningemwambia nini?
Kwamba juu ya kioo pametandazwa kitu
chembamba kuliko utando wa maziwa yaliyopoa,
oksidi ya indi na bati,
kinachopitisha umeme na mwanga kwa pamoja
na kazi yake kubwa ni kutoonekana?
Kwamba kinangoja kuhisi mwili ulio hai,
unyevu kidogo tu, jasho la ncha ya kidole,
naye jasho lake lote ameliacha shambani?

Indi naijua. Mwalimu Balidawa, kidato cha tano,
alikuwa na kijiti chake, sijui alikipata wapi,
kifupi kama cha kiberiti, cheupe kama fedha.
Alikikata kwa wembe, kikakatika kama samli ya baridi.
Kisha akanisogezea sikioni, akakikunja,
na metali ikalia.
Kweli ililia! Sauti nyembamba,
bawaba ya mlango wa nyumba ya mbali.

Jina lake, alisema, limetoka kwenye nili.
Wajerumani wawili walichoma mawe wakichungulia mwali;
mmoja macho yake hayakutofautisha rangi,
ikabidi mwenziwe amtazamie,
na mwenziwe akaona mstari mmoja wa nili,
nili ileile mama aliyotia kwenye maji ya mashuka.
Tukacheka darasani, maana dirishani
Nili mwenyewe alikuwa anapita,
Kiira wetu, rangi ya chai ya maziwa,
hana habari kwamba ana wajina.

"Lamba kidole," nikamwambia Takuwa.
Akanitazama aone kama namdhihaki.
"Kama unapohesabu noti."
"Noti?" akasema. "Lini?"

Lakini akalamba. Akagusa.
Kioo kikashtuka, kikamjua,
na kibandani mwangu, kati ya betri zilizovimba
na vifuniko vya plastiki, ikatoka sauti ya msichana
kutoka chuo cha wauguzi, Arua.
Imekuja kwa uzi wa kioo uliofukiwa kando ya barabara,
imekuja ikiwa mwanga,
na huo mwanga nao, huko ulikowashwa,
umetoka kwenye fosfidi ya indi.
Njia nzima metali hiyo imembeba binti
mpaka hapa, upana wa unywele
kutoka kwa kidole cha baba yake:

"Baba, siku kumi na moja hunijibu.
Nimekukosea nini?"

Hakuna aliyecheka tena.
Mnunuzi mmoja wa chaja akajifanya anasoma bei.

Takuwa akalamba tena, ganda limeshakauka.
Nikamwonyesha palipo na alama ya kipaza sauti.
Akabonyeza, akainama kabisa,
mdomo karibu uguse meza,
akanena polepole kama anayemwambia mtu aliye kisimani:
"Sikununa, mwanangu.
Ni kidole."

Akaniuliza ni kiasi gani.
Nikamwambia hakuna nilichotengeneza.
Akaondoka kuelekea stendi,
simu mkono wa kushoto,
na kidole gumba cha kulia ameking'ata kidogo menoni
kisije kikakauka.